Dozi ya Nne

Daktari Nyang'au hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wiki mbili tu katika kliniki ile, wagonjwa walikuwa wamejaa hadi kwenye korido, na faili aliyoishika ilikuwa nene kupita kiasi. Aliipekua kwa kidole gumba, akafika mahali akasita, kisha akamtazama mwanamke aliyeketi mbele yake.

"Mama, saratani imerudi," alisema. "Na hapa naona dozi ya nne hukuja. Hii dawa haitaki mchezo. Ukiiruka, ugonjwa unaizoea."

Habari ya kwanza Elmina Akeyo alikuwa ameitarajia. Tangu Krismasi tumbo lilikuwa limeanza kujaa maji tena, na kipimo cha damu kilikuwa kimepanda mara mbili mfululizo. Ya pili ndiyo iliyompiga. Alimgeukia mumewe, Okello, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni amepakata koti lake, akamkuta ameinama anatazama sakafu.

"Nilikuja," Elmina alisema. "Dozi zote sita nilikuja."

Daktari akageuza faili ili naye aone. Kwenye karatasi ya mwezi wa tano mwaka uliopita, mbele ya tarehe kumi na nne, mtu alikuwa ameandika kwa wino wa buluu kwamba mgonjwa hakufika, na kwamba dozi ilitolewa wiki moja baadaye. Elmina akaeleza. Siku hiyo alifika kabla milango haijafunguliwa, akatolewa damu, akakaa kwenye benchi hadi alasiri, ndipo muuguzi akamwambia chembe nyeupe za damu zimeshuka mno, arudi wiki ijayo. Alieleza polepole, kwa mpangilio, lakini huko nje jina lingine lilikuwa limeshaitwa na mlango ulikuwa umeshafunguliwa nusu.

Daktari alisema huenda ikawa hivyo, na huenda pia mama anachanganya siku, maana dawa zile husahaulisha. Shida ni kwamba kamati ya dawa za awamu ya pili ingekaa mwisho wa mwezi. Dawa zenyewe ni chache, na jambo la kwanza kamati huuliza ni kama mgonjwa alifuata zile za kwanza. Akaahidi kwamba angejaribu kumtetea. Aliyasema haya kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Elmina zaidi, kwa sababu ulikuwa upole wa mtu anayesamehe kosa.

Kwa miaka ishirini na miwili Elmina alikuwa mkaguzi wa majani katika kituo cha kununulia chai kule juu Kimulot. Kazi yake ilikuwa kutia mkono ndani ya gunia la mkulima, kuchota majani ya chini kabisa, na kuamua. Majani mawili na kichipukizi yalipita. Yaliyokomaa, yaliyolowa, yaliyochanganywa na vijiti, yalirudi nyumbani na mwenyewe, hata kama mwenyewe ni mzee wa kanisa. Hakupokea kuku wala maziwa ya mtu. Baba yake alikuwa ametoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, naye Elmina hakuwa na hata robo eka pale mlimani, lakini Wakipsigis, wenyeji wenye chai yao, walimwita Mama Akeyo kwa heshima, na watoto wa wale waliomnunia zamani ndio sasa walioleta majani safi kuliko wote.

Saratani ya ovari ilipopatikana, alifanyiwa upasuaji, akapewa dawa za mshipa kila baada ya wiki tatu, nywele zikaisha, akavaa kilemba na kurudi kazini mara tu mguu ulipoacha kufa ganzi. Hakuna aliyemsikia akilalamika. Hivyo jina lake lilipoanza kuzungumzwa, lilizungumzwa kwa ladha ile watu waliyo nayo wakimwona mtu mnyoofu amejikwaa.

Aliligundua hilo Jumatano moja. Alikuwa amekataa gunia la mkulima mmoja aitwaye Kiptum, majani yake yakiwa yamekomaa hadi yanakwaruza. Kiptum hakubisha. Alilifunga gunia lake, akamgeukia aliyemfuata kwenye foleni, akasema kwa sauti ya kusikika kidogo tu kwamba Mama Akeyo anajua kukataa majani ya watu, lakini dawa yake mwenyewe ilimshinda. Wawili watatu wakacheka wakitazama pembeni. Elmina aliingiza mkono kwenye gunia lililofuata. Lilikuwa zuri, akalipitisha. Lililofuata halikuwa zuri, akalirudisha. Siku hiyo aliisikia baridi ya majani hadi kwenye kiwiko.

Maneno ya ndani ya chumba cha daktari yalifikaje Kimulot? Jibu lilikuja lenyewe Jumapili, pale Ooko, kaka yake Okello, alipokuja na mkewe kumwona mgonjwa. Ooko alikuwa karani wa ofisi katika shamba moja la chai, mtu wa kuongea kama anayesoma barua ya ofisi. Alikunywa chai, akaweka kikombe chini, akamwambia Elmina kwamba wote pale ni watu wazima. Kama aliogopa dawa ile siku moja, au kama kuna mtu alimpeleka kwa mitishamba, aseme tu, familia itajua pa kuanzia. Elmina alimtazama mumewe. Okello alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani.

Wageni walipoondoka, Okello alibaki amesimama mlangoni. Alikuwa mtu wa boila, ule mtambo wa mvuke kiwandani, amezoea kukaa saa nane akitazama mshale wa mvuke bila kumwambia mtu neno. Siku ile ya mwezi wa tano alikuwa zamu, na Elmina alikwenda hospitali peke yake. Alikumbuka jioni yake mkewe kumwambia kwamba wameahirisha. Lakini alikuwa amesikia pia kwamba wanawake wengine huchoka, hushuka kwenye gari njiani na kurudi nyumbani.

"Mama Monicah," alisema, "niambie tu ukweli. Mimi sitakasirika."

Elmina alipakua ugali na mboga, akaweka sahani mbili mezani, akaketi mkabala naye, akala chakula chake chote ingawa tumbo lilikuwa limejaa maji na kila tonge lilimwumiza likishuka. Angeweza kulia au kuapa. Ila aliona kwamba mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini akihitaji kiapo, basi kiapo hakitamsaidia.

Alirudi kliniki wiki iliyofuata, peke yake tena, kupunguzwa maji ya tumbo. Ndipo akakutana na Abigael.

Abigael alikuwa mtafiti, binti wa wakulima wa chai wa upande wa Bomet, amevaa sweta ya kijani na koti jeupe lisilofungwa vifungo. Alimsubiri Elmina apumzike baada ya sindano, ndipo akavuta kiti. Alisema yeye na wenzake wanachunguza uvimbe wa wanawake wenye saratani ya ovari, wale ambao dawa iliwakubali na wale ambao ugonjwa uliwarudia upesi. Kipande cha uvimbe wa Elmina kilichokatwa siku ya upasuaji kilikuwa bado kimehifadhiwa kwenye baridi kali. Walikuwa wanaomba ruhusa yake wakitumie, pamoja na kiasi cha maji yaliyotolewa leo.

Elmina aliuliza wanatafuta nini humo.

"Tunatafuta vitu vidogo sana, vinaitwa mikro-RNA," Abigael alisema. "Kila chembe ya mwili, Mama, ina maagizo yake. Jenga hiki, tengeneza kile, gawanyika. Hizi mikro-RNA kazi yao ni kunyamazisha baadhi ya hayo maagizo. Agizo likipita kiasi, zinalizuia."

"Ni wakaguzi."

"Ndiyo," Abigael alisema. "Sasa kwenye saratani, wengine wametoweka na wengine wamezidi. Akikosekana wa kuzuia, chembe ya saratani inaweza kutengeneza pampu nyingi za kutema dawa nje. Au inajirekebisha haraka pale dawa ilipoivunja. Dawa inaingia kweli, lakini haifanyi kazi."

Elmina akauliza hao wakaguzi walitoweka lini, kabla ya dawa au baada.

"Hilo ndilo swali lenyewe, na bado hatuna jibu. Ndiyo maana tunataka kile kipande cha kabla ya dozi ya kwanza."

"Na mkijua, mtaniambia kama ni mimi niliyeharibu?"

"Hapana," Abigael alisema. "Utafiti huu hautasema habari ya mtu mmoja, utasema habari ya wengi. Na hautabadilisha matibabu yako. Sitaki utie sahihi ukidhani utapata kitu."

Jibu hilo lilimpendeza Elmina kuliko faraja zote alizoletewa nyumbani. Mtu anayekataa kukudanganya wakati uongo ungekufurahisha ni mtu wa kukabidhiwa mizani. Akasoma fomu mstari kwa mstari, akauliza maneno mawili asiyoyaelewa, akatia sahihi. Alipokwisha kurudisha kalamu, ndipo akaeleza habari ya tarehe kumi na nne.

Abigael aliuliza jambo moja: siku hiyo walimtoa damu? Elmina akasema walimtoa, mkono wa kushoto. Basi, Abigael akasema, faili inaweza kukosea, lakini damu haipokewi maabara bila kuandikwa.

Wakashuka maabara. Aliyesimamia rejista alikuwa bwana mmoja aitwaye Mageto, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema vitabu vya mwaka jana vimepelekwa stoo, stoo haina taa, na yeye yuko peke yake hadi saa nane. Alimshauri mama aende nyumbani, atapigiwa simu.

"Nitakaa," Elmina alisema.

Alikaa. Bandeji ya tumboni ilikuwa imelowa kidogo na benchi lilikuwa la mbao tupu. Watu walipita na vichupa vyao, wengine wakamwuliza foleni inaishia wapi, akawaonyesha. Abigael aliitwa kwenye kazi zake akaenda. Saa nane na nusu Mageto alitoka na kitabu kirefu kilichojaa vumbi, amekifungua kwa kidole, na uso wake ulikuwa si ule wa asubuhi. Alikigeuza ili Elmina asome mwenyewe. Tarehe kumi na nne, mwezi wa tano, nambari saba: Akeyo Elmina, damu imepokelewa saa moja na dakika ishirini asubuhi. Mbele yake, hesabu ya chembe nyeupe, ikiwa imepigiwa mstari mwekundu. Na mbele ya hesabu: daktari amejulishwa, dozi iahirishwe.

"Huu ni mwandiko wangu," Mageto alisema. "Mimi mwenyewe niliandika. Nisamehe, Mama, kukukalisha."

Hakumpa kitabu aupeleke yeye ushahidi wake kama mtu anayeomba. Alikibeba mwenyewe kupanda ngazi hadi kliniki, Elmina akimfuata nyuma, mkono mmoja ukiwa kwenye ukuta. Daktari Nyang'au alisoma rejista, akasoma faili, akarudi kwenye rejista. Kisha akachukua kalamu, akaukata ule mstari wa wino wa buluu, akaandika chini yake kwamba mgonjwa alifika na aliahirishwa na hospitali, akatia sahihi na tarehe.

"Naomba msamaha, Mama," alisema.

"Wewe siwe uliyeuandika huo mstari," Elmina alimjibu. "Lakini ndiwe uliyeusoma mbele ya mume wangu."

Daktari alikubali kwa kichwa. Kamati ilipokaa, jina la Elmina lilipita.

Okello hakuambiwa habari ya rejista. Monicah, binti yao aliyekuwa mwalimu Longisa, aliposimuliwa kwa simu, alimwuliza mama yake kwa nini asipige picha ya ule ukurasa amwonyeshe baba, yaishe. Elmina alisema akimwonyesha karatasi, Okello ataamini karatasi. Yeye hakuolewa na mtu wa kuamini karatasi. Binti alisema mama ana kiburi, naye akakubali kwamba anacho kidogo, na kwamba ndicho kilichomfikisha hapo.

Dawa ya awamu ya pili ilikuwa nyekundu kama juisi ya tikiti maji, ikimtoa malengelenge viganjani. Mwezi wa nne na wa tano alikwenda peke yake. Mwezi wa sita miguu ilikataa, na Okello, bila kuulizwa, akaomba ruhusa kiwandani.

Walifika hospitali kukiwa bado na ukungu. Elmina akatolewa damu, wakaketi. Okello hakuwa amewahi kulijua benchi lile. Saa nne alikuwa ameshasimama na kuketi mara nyingi. Saa sita aliuliza kama mambo huwa hivi kila mara, Elmina akasema ndiyo. Alimwona mkewe akimpisha mgonjwa mdogo aegemee ukuta, na akamwona akitapika kwenye mfuko aliokuwa ameubeba tayari umekunjwa mkobani, akajifuta na kuufunga vizuri, kama mtu aliyelifanya jambo hilo mara nyingi bila shahidi. Saa tisa muuguzi alikuja akasema damu imeshuka, mama arudi wiki ijayo.

Walipokuwa wanainuka, karani wa kliniki alitoka na orodha ya waliopangiwa dawa siku hiyo. Alikuwa anapiga alama kwa haraka. Waliokuwa wamepewa dawa, alama moja. Wasiopewa, alama nyingine. Okello, aliyezoea kusoma vipimo akiwa mbali, aliiona kalamu ikishuka hadi kwenye jina la Akeyo, na akaona neno lililoanza kuandikwa.

"Yuko hapa," alisema.

Karani akainua macho.

"Huyu hapa. Alikuwa hapa kabla yako. Ni nyinyi mmemrudisha. Andika yuko hapa."

Hakupaza sauti, lakini hakuondoka mpaka karani alipofuta na kuandika upya, naye akaisoma ile karatasi kwanza. Safari ya kurudi ilikuwa ya saa tatu. Okello alishika mkoba wa mkewe mapajani njia nzima. Mara mbili alifungua kinywa, na mara mbili akakifunga. Elmina aliona, akatazama nje kwenye mashamba ya chai. Alijua anachotaka kusema. Alijua pia kwamba yeye aliyasikia yale maneno ya kumshuku nyumbani kwake, lakini wengine waliyasikia kwa simu, kwenye foleni ya majani na baada ya ibada, na msamaha wa kunong'onwa garini usingewafikia hao.

Mwezi wa kumi watafiti waliwaita wanawake wote walioshiriki, na familia zao, kwenye ukumbi mmoja Kabianga. Ooko, ambaye alikuwa amenunua gari, ndiye aliyewabeba. Aliketi na mkewe safu ya nyuma, karibu na birika la chai. Kufikia wakati huo tumbo la Elmina lilikuwa limeshuka. Ugonjwa haukuwa umekwisha, na Daktari Nyang'au alikuwa amemwambia hivyo bila kuzunguka, lakini ulikuwa umesimama, na kituoni alikuwa anakwenda siku tatu kwa wiki. Kilemba chake kilikuwa kipya, cha manjano.

Abigael alisimama mbele na kusema walichokiona. Walichunguza uvimbe wa wanawake arobaini na wawili. Kwa wengi ambao ugonjwa uliwarudia upesi, zile mikro-RNA zilikuwa zimeshavurugika katika kipande kilichokatwa siku ya upasuaji, kabla hata tone moja la dawa halijaingia mshipani. Si kwa wote, alisema, bali kwa wengi. Bado haikuwa kipimo cha kutumia hospitalini. Wangehitaji wanawake wengine wengi, na miaka. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo aliona ni haki yao walisikie leo. Waliokuwa wamecheleweshewa dozi kwa wiki moja kwa sababu damu ilishuka walikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili, la waliorudiwa upesi na la wasiorudiwa. Akaongeza kwamba kliniki sasa imeweka safu mpya kwenye fomu yake, ya mgonjwa aliyefika na akaahirishwa, na kwamba safu hiyo iliwekwa kwa sababu ya mmoja wa wanawake waliomo humo ndani. Hakumtaja jina. Elmina alikaza mgongo wake kwenye kiti.

Maswali yakafunguliwa. Mwanamke mmoja aliuliza kama ugonjwa ulimrudia kwa kuwa aliwahi kurudi kuchuma chai kabla kidonda hakijapona. Abigael akamwambia hapana. Mwingine alitaka kujua kama ni kwa sababu aligombana na mama mkwe. Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka, na Abigael akamjibu kwa adabu ileile kwamba hapana. Elmina alitazama vichwa vilivyokuwa mbele yake, vya vilemba na vya nywele fupi zilizoanza kuota, akaelewa kwamba karibu kila mmoja alikuwa amekuja na kosa lake kifuani.

Ndipo Okello akasimama. Elmina hakuwa amelitarajia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na mikono yake, isiyo na cha kushika, ilipapasa mifuko.

"Naitwa Okello," alisema. "Mimi ni mtu wa boila. Sina swali. Daktari alisema mke wangu aliruka dozi. Mimi daktari sikumwuliza kitu. Nilimwuliza mke wangu. Halafu nikampigia ndugu yangu simu nikamwambia, na yeye akawaambia wengine. Sasa nataka kusema, mke wangu hakukosa hata siku moja."

Sauti yake ilikuwa imefifia alipofika mwisho, na maneno yale ya mwisho yaliwafikia labda watu wa safu mbili. Elmina hakugeuka kumtazama. Aliweka mikono yake yenye makovu ya malengelenge juu ya mapaja, akatazama mbele.

"Hiyo ya mwisho irudie, Baba Monicah," alisema. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Okello akageuka akaielekea safu ya nyuma, akavuta pumzi, akairudia kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya mngurumo wa boila.